John Hunter, munganga aliyejua kama kasirani itamuua

Mara ngapi tumesikia mtu akisema, nyumbani ao kazini, kwamba fulani atamuua kwa maneno yake? Wengi wanasema vile kwa kuzidisha, na kesho yake wanakunywa chai pamoja na fulani yule. Leo tunawaletea habari za mtu aliyesema vile na akafa vile. Hakuwa mtu wa kuogopa bure. Alikuwa munganga wa kupasua mwenye sifa kuliko wote katika Uingereza ya wakati wake, mtu aliyefungua maelfu ya miili ya watu na ya nyama, na aliyejua vizuri moyo ni kitu gani. Jina lake ni John Hunter.

Tunaeleza maisha yake juu ugonjwa wake unagusa jambo ambalo wengi wetu tunalichukua kama mchezo: ile tabia ya kuishi na watu kama tuko vitani, na namna tabia hiyo inavyoweza kushuka kutoka rohoni mpaka mwilini.

Mtoto wa shamba

John Hunter alizaliwa mwezi wa pili mwaka wa 1728 kule Long Calderwood, karibu na East Kilbride, katika nchi ya Uskoti. Alikuwa kitinda mimba wa watoto kumi. Baba yake alikufa yeye angali na miaka 13. Masomo ya darasani hakuyapenda hata kidogo. Alipenda kuzunguka mashambani, akitazama nyuki, mchwa, ndege na majani, na kuwasumbua watu wakubwa na maulizo ambayo hawakujua kuyajibu.

Mwaka wa 1748, akiwa na miaka 20, alipanda farasi akaenda London kwa yaya yake William, aliyemzidi miaka kumi. William alikuwa munganga mwenye elimu na mwenye adabu za watu wakubwa, na alikuwa na shule ya kufundisha namna mwili wa mtu unavyojengwa. Alimpa mdogo wake mkono wa maiti aupasue, ili aone kama ataweza. John aliifanya kazi ile vizuri sana, na William akatambua kama kijana huyu asiye na cheti ana mikono ya pekee. Kwa miaka karibu 12 John alifanya kazi katika chumba cha maiti. Hatuwezi kuficha kwamba miili mingine ya shule hizo iliibwa makaburini. Wakati ule waganga wengi wa London walifanya hivyo na kufumba macho.

Kisha alienda katika jeshi. Mwaka wa 1761 alikuwa pamoja na askari Waingereza waliotua kwenye Belle-Île, kisiwa cha Ufaransa. Waganga wa vita walikuwa na desturi ya kupanua kidonda cha risasi kwa kisu na kuingiza vidole kutafuta chuma. Hunter aliona askari Wafaransa waliojificha na vidonda vyao, bila munganga ye yote kuwagusa, na wakapona vizuri kuliko wale waliotibiwa. Akashika somo lile: kwanza tazama, usifanye kitu kwa sababu tu wengine wanakifanya.

Sifa na maadui

Kurudi kwake London kulimletea sifa moja juu ya ingine. Mwaka wa 1767 aliingizwa katika Royal Society, chama cha wenye elimu. Mwaka wa 1768 alichaguliwa munganga wa kupasua katika hospitali ya St George's. Mwaka wa 1776 akawa mmoja wa waganga wa mfalme George wa Tatu, na mwaka wa 1790 akapewa ukubwa juu ya waganga wa jeshi lote.

Mwaka wa 1785 alifanya upasuaji uliomjulisha kila pahali. Mwendesha gari la farasi alikuwa na uvimbe wa mshipa wa damu nyuma ya goti. Mgonjwa wa namna ile, ao alikatwa mguu, ao alingojea mshipa upasuke afe. Hunter alifunga mshipa juu zaidi, kwenye paja, akatumaini kama mishipa midogo ya pembeni itaweza kuleta damu chini. Ikaweza. Baada ya wiki sita mtu yule alitoka hospitali na miguu yake miwili.

Katika nyumba yake ya Leicester Square alijenga makumbusho ya mifupa, viungo na nyama wa kila aina, vitu karibu 14,000. Alikuwa anaamka mbele ya saa kumi na mbili ya asubuhi, analala kisha usiku wa manane, saa ine tu za usingizi, na saa moja kidogo kisha chakula cha mchana.

Lakini mtu huyu alikuwa mkali kama pilipili. Alilosikia rohoni alilitoa mdomoni, na matusi hayakuwa mbali. Kwa maskini alikuwa mwema, na wanafunzi wake walimpenda kama baba. Lakini kwa waganga wenzake alikuwa na dharau. Aliwaona kama watu wanaotafuta feza bila kutaka kujifunza, na hakuwaficha. Wao pia walimchukia, na hawakumficha.

Hata yaya yake hakuponyoka. Mwaka wa 1780 John aliandikia Royal Society kwamba ni yeye aliyetambua namna damu ya mama inavyopita katika kondo la nyuma, kazi waliyofanya katika chumba cha William zaidi ya miaka 20 mbele. William akajibu kwa ukali kwamba ni kazi yake. Watu wawili wa tumbo moja wakavunja undugu juu ya sifa. William alipokuwa anakufa, mwaka wa 1783, John alienda kumuuguza, lakini shamba la wazazi William alimwachia mtoto wa dada yao, hapana John. Kijana yule ndiye, kwa roho yake nzuri, alimrudishia mjomba wake.

Moyo unaanza kusema

Ugonjwa ulikuwa umeanza mbele ya hayo yote. Ilikuwa mwaka wa 1773, Hunter akiwa na miaka 45. Asubuhi moja maumivu makali yalimshika chini ya kifua. Alijaribu kusimama, kuketi, kulala, hakuna kilichosaidia. Alijitazama katika kioo akaona uso mweupe kama wa maiti. Alishika mkono wake kutafuta mapigo ya damu, hakuyasikia. Aliona kama pumzi inasimama, basi akaanza kujilazimisha kupumua, moja moja, kwa mapenzi yake. Waganga waliitwa, William akiwa mmoja wao, na wao pia hawakupata mapigo. Kisha dakika karibu 45 maumivu yalienda yenyewe.

Mwaka wa 1776 aliugua tena sana. Alikuwa amejitoa dhamana kwa deni la rafiki, na ikamlazimu kulilipa yeye, feza nyingi. Akaingiwa na kizunguzungu kikubwa, akaona kama anaelea hewani. Na kuanzia mwaka wa 1785 maumivu ya kifua yakawa ya mara kwa mara: kifua, uso, mkono wa kushoto.

Shemeji yake Everard Home, ndugu ya mke wake na munganga vilevile, ndiye alituachia maelezo ya ugonjwa ule. Tunayaona ya ajabu, kwa sababu Hunter alijichunguza sawa alivyochunguza nyama zake. Aliona kama akitembea pahali pa sawa hapati shida, lakini akipanda mlima kidogo maumivu yanakuja. Aliona vilevile kama mambo ya roho yanaweza kuyaleta bila kupanda mlima wo wote. Alikuwa anafuga nyuki. Siku moja alisimama akiwatazama kwa wasiwasi, wataingia mzinga ao hawataingia, na maumivu yakamshika. Siku ingine aliona paka mkubwa aliyetaka kumuua. Alikasirika akiogopa kama atamponyoka, maumivu yakaja.

Na hapa kuko jambo ambalo tunaomba msomaji alishike. Huyu mtu mkali alikuwa pia mwepesi wa machozi. Akieleza habari ya mtu aliyetenda mema, machozi yalimtoka. Lakini machozi yale hayakuleta maumivu hata mara moja. Huzuni na huruma, hata zikiwa na nguvu namna gani, moyo wake ulizivumilia. Ule wasiwasi wa kutaka jambo liende namna anavyotaka, na kasirani, ndivyo vilimwangusha.

Alilielewa kabisa. Alikuwa anawaambia rafiki zake kama maisha yake yako katika mikono ya mtu wo wote wa ovyo atakayependa kumchokoza.

Kunyamaza kwa Jenner

Kati ya wanafunzi wa Hunter, aliyempenda zaidi alikuwa Edward Jenner, yule ambaye baadaye alileta chanjo ya ndui. Jenner alimwona mwalimu wake mgonjwa mwaka wa 1777 kwenye mji wa Bath, akatambua ugonjwa: anjina ya kifua. Ugonjwa huo ulikuwa umepewa jina na kuelezwa na munganga William Heberden miaka michache tu mbele. Sababu yake haikujulikana. Hunter mwenyewe aliwahi kupasua maiti ya mgonjwa mmoja wa Heberden, lakini ile mishipa midogo inayolisha moyo damu haikutazamwa vizuri.

Jenner aliitazama katika maiti ingine. Kisu chake kiligonga kitu kigumu ndani ya moyo, karibu kivunjike. Alitazama juu, akafikiri kipande cha chokaa kimeanguka kutoka dari la zamani. Kumbe ni mishipa ya moyo iliyogeuka ngumu kama mfupa. Akaelewa kama ndiyo hali ya mwalimu wake. Lakini kumwambia aliona ni vigumu, maana dawa haikuwako. Aliandika barua kwa ajili ya Heberden akieleza woga wake ule, na hakutaka jambo hilo lichapishwe Hunter akiwa angali mzima.

Mukutano wa mwisho

Katika St George's, waganga wanne wa kupasua walikuwa wanagawana sawasawa feza za wanafunzi. Lakini wanafunzi wengi walikuja juu ya Hunter. Mwaka wa 1792 nafasi moja ilikuwa wazi. Hunter alimtaka shemeji yake Home, wenzake wakamtaka mwingine, na Home akashindwa. Hunter akatangaza kama hatagawana tena feza za wanafunzi wake. Ugomvi ukapanda. Barua zikaandikwa, mashitaka yakaenda mbele ya wakubwa wa hospitali, na wakubwa wakawa upande wa wenzake.

Kisha ikatoka sheria mpya: hakuna mwanafunzi atakayepokelewa bila cheti cha masomo ya uganga. Vijana wawili kutoka Uskoti walifika London bila kujua sheria ile. Wakaenda kwa Hunter. Msomaji anakumbuka kama Hunter mwenyewe alifika London kutoka Uskoti bila cheti cho chote. Alikubali kuwaombea katika mukutano wa wakubwa, tarehe 16 mwezi wa kumi mwaka wa 1793.

Asubuhi ya siku ile alimwambia mtu aliyemtembelea kama anaogopa mabishano yatatokea kule, na kama yakitokea yatamuua. Alijua. Pamoja na hayo alienda.

Katika mukutano alianza kusema kwa ajili ya vijana wale. Mmoja wa wenzake akamkatiza, akamkanusha mbele ya wote. Hunter hakujibu. Pengine ni mara ya kwanza katika maisha yake kuzuia ulimi namna ile. Alinyamaza, akatoka, akaingia katika chumba cha pembeni. Kule alitoa mlio mmoja tu, akaanguka katika mikono ya munganga aliyekuwa karibu, akakata roho. Alikuwa na miaka 65.

Walipofungua mwili wake, waliikuta mishipa ya moyo imegeuka mifupa. Home alimwandikia Jenner kumwambia kama alikuwa ametambua sawasawa.

Waganga wa leo wanasema nini?

Tuseme kwa uangalifu. Kasirani haikuigeuza mishipa ile kuwa mifupa kwa siku moja. Ugonjwa wa mishipa ya moyo unajengwa polepole kwa miaka, na sababu zake ni nyingi: tumbako, mafuta mengi katika damu, sukari, msukumo wa damu ule watu wanaita tansio, urithi wa ukoo. Lakini maulizo ya Hunter hayakufa pamoja naye.

Mwaka wa 1959, kule San Francisco, waganga Friedman na Rosenman walitangaza kama watu wa mbio, wa kushindana na wasio na uvumilivu wanapata ugonjwa wa moyo zaidi. Waliokuja nyuma walitafuta zaidi, wakaona kama kufanya kazi nyingi na kwa haraka hakuonekani kuwa sumu yenyewe. Sumu ilionekana zaidi katika uadui: kutoamini watu, kuwadharau, kuwakasirikia kila mara. Mwaka wa 1983 kulichapishwa utafiti, katika Marekani, juu ya waganga 255 waliojibu maulizo juu ya tabia yao wangali wanafunzi. Kisha miaka 25, wale walioonyesha uadui mwingi katika ujana ndio waliopata ugonjwa wa moyo zaidi. Na mwaka wa 1995 utafiti mwingine wa Marekani, juu ya wagonjwa 1,623, ulionyesha kama katika saa mbili zinazofuata kasirani kali, hatari ya moyo kushikwa inapanda zaidi ya mara mbili. Kwa mtu mzima wa afya hatari hiyo inabaki ndogo. Kwa mtu mwenye mishipa ya Hunter, si ndogo.

Inapita njia gani? Mtu akikasirika, mwili unajitayarisha kwa vita. Tezi zilizo juu ya figo zinatoa adrenalini, moyo unapiga mbio, mishipa inajikaza, damu inakuwa nyepesi kugandamana. Hiyo ni msaada kama simba iko mbele yako. Lakini kama mbele yako kuko tu mtu wa ofisi moja na wewe, na kesho yuko tena, na kesho kutwa tena, mwili unabaki katika vita isiyoisha. Tena mtu wa uadui, mara nyingi, anavuta tumbako zaidi, anakunywa zaidi, analala kidogo, na hasikii shauri la munganga. Rafiki wa kumuuguza pia anawapoteza. Utafiti haukubaliani wote juu ya ukubwa wa jambo hili, lakini upande wake unaonekana.

Haki haikumlinda

Tukifikiri sana juu ya ile siku ya mwezi wa kumi, tunaona jambo moja linaloumiza. Hunter alikuwa na haki. Vijana wawili walihitaji mtu wa kuwasemea, na yeye aliwasemea. Sisi wote tukikasirika tunajitetea hivyo: niko na haki. Lakini moyo haujui nani ana haki. Unapokea tu kasirani. Hunter angeweza kuandika barua, ao kumtuma mtu mwingine. Angeweza, miaka mingi mbele, kuwa na rafiki mmoja tu katika ile hospitali. Miaka 25 ya maneno makali iliingia pamoja naye katika chumba kile cha mukutano, na kukanushwa mara moja kukatosha.

Aliacha mke, Anne, mtunga mashairi, na watoto wawili. Aliacha madeni vilevile, maana feza zake zote zilienda katika makumbusho. Mjane alibaki katika shida. Kijana mwaminifu, William Clift, alichunga vitu vile kwa mshahara mdogo, mpaka mwaka wa 1799 serikali ya Uingereza ilipovinunua kwa pauni 15,000. Mwaka wa 1859 mwili wa Hunter ulitolewa katika kanisa la St Martin-in-the-Fields, ukapelekwa Westminster Abbey, pahali walipozikwa wafalme na watu wakubwa wa nchi ile.

Waganga wa dunia yote wanamheshimu kama mtu aliyewafundisha kutazama mbele ya kukata. Sisi tunamkumbuka pia kwa somo ambalo alilitazama vizuri katika mwili wake mwenyewe, lakini hakulifuata. Kama kuko msomaji anayejua ni mtu gani kazini ao katika ukoo anayempandishia damu, asingojee mukutano wa mwisho. Amtafute wasemezane, ao amwepuke. Na kama kifua kinamuuma akipanda ngazi ao akigombana, aende kwa munganga mapema. Hunter alikosa dawa. Leo dawa ziko.